Mwanafunzi wa Famasi Aanzie Stoo

Mwanafunzi wa famasia anapopelekwa kwenye duka la dawa la rejareja kwa mafunzo kwa vitendo, mahali anapopatamani ni kaunta. Huko ndiko aliko mgonjwa, ndiko koti jeupe linakoonekana, ndiko anakoitwa dokta na mtu mwenye umri wa mama yake. Mwenye duka naye, akiona foleni ya jioni inazidi kukua na mtoa dawa ni mmoja, hushukuru kumpata kijana wa kusaidia kuuza. Wiki ya kwanza haijaisha, kijana ameshashika kalamu na bahasha za dawa, anaandika 1×3 na kumwambia mteja kutwa mara tatu. Naamini mpangilio huu umegeuzwa juu chini. Mwanafunzi anapaswa kuanzia nyuma ya duka, yaani stoo, kwenye friji, kwenye leja na kwenye rafu. Kaunta iwe kituo chake cha mwisho, na hata akishafika hapo, ajifunze kwanza kuuliza, kisha kukataa, ndipo ajifunze kuuza. Sisemi hivi kwa ajili ya kumpima uvumilivu wala kumfundisha adabu. Nasema hivi kwa sababu makosa mengi yanayomfikia mgonjwa pale mbele huwa yameanzia nyuma, na mtu asiyekujua nyuma hawezi kuyaona yakija.

Nchini Tanzania, famasi ya rejareja haifunguliwi kama duka la nguo. Lazima iwe na mfamasia msimamizi aliyesajiliwa na Baraza la Famasi, chombo kinachofanya kazi chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Dawa zenyewe husajiliwa na kukaguliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo hadi mwaka 2019 ilijulikana kama TFDA na ilisimamia pia chakula. Katika ngazi ya chini ya famasi lipo Duka la Dawa Muhimu, mpango ulioanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Maduka hayo ya zamani yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu, lakini mengi yaliuza karibu kila kilichopatikana, na aliyesimama kaunta mara nyingi hakuwa na mafunzo ya kutosha. Kilichofanyika Ruvuma kinafaa kukumbukwa na kila anayefundisha kazi hii. Waliobuni mpango ule hawakuishia kumwambia muuzaji asome zaidi. Walishughulikia jengo, utunzaji wa dawa, kumbukumbu, orodha ya dawa zinazoruhusiwa, ukaguzi na mafunzo ya mtoa dawa, vyote kwa pamoja, kwa kuwa walielewa kwamba maarifa ya mtu mmoja hayawezi kuokoa duka ambalo taratibu zake zimeoza.

Chukua kazi ya kupokea mzigo, ambayo kwa mgeni huonekana kuwa ya kubeba maboksi. Dawa zimefika kutoka kwa muuzaji wa jumla, na ankara imewekwa mezani. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri hatii saini kwa kuhesabu maboksi peke yake. Atalinganisha jina la dawa na lililoagizwa, kisha nguvu yake kwa miligramu, kisha namba ya toleo na tarehe ya kuisha, kisha idadi, kisha hali ya kifungashio. Je, lakiri iko sawa? Maandishi yamechapwa vizuri au wino unafutika kwa kidole? Boksi limelowa? Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja ya tiba kati ya kila 10 huwa haina ubora unaotakiwa au ni bandia. Hakuna jicho la mwanafunzi linaloweza kugundua bandia zote, kwa kuwa nyingine huhitaji maabara. Lakini zile zinazoweza kugunduliwa kwa jicho hugunduliwa wakati wa kupokea, na zikipita hapo zitafika mkononi mwa mgonjwa zikiwa zimeshapata baraka za duka.

Namba ya toleo ndiyo wengi huiruka, kwa sababu ni mfululizo wa herufi na tarakimu usioeleza chochote kuhusu tiba. Umuhimu wake ulionekana Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani lilipotoa tahadhari kuhusu dawa za maji za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na kemikali zenye sumu, diethilini glaikoli na ethilini glaikoli. Vifo vya watoto wasiopungua 66 vilihusishwa na dawa hizo. Tangazo la kuondoa dawa sokoni likitoka, halisemi kila dawa ya kikohozi irudishwe. Hutaja jina, mtengenezaji na mara nyingi namba za matoleo. Duka ambalo leja yake ina namba hizo linaweza kujua kwa muda mfupi kama lilipokea mzigo huo, limebakiwa na chupa ngapi na zimekaa wapi. Duka lisiloandika hubaki kupekua rafu na kubahatisha. Mwanafunzi aliyewahi kujaza leja akiwa ameelezwa sababu hii hataiona tena kuwa kazi ya karani.

Baada ya kupokea hufuata kupanga, na hapa pana jambo ambalo hata mfanyabiashara mzoefu hulikosea. Katika duka la kawaida, kilichoingia kwanza hutoka kwanza. Kwenye dawa, inayokaribia kuisha muda ndiyo hutoka kwanza, hata kama imeingia leo asubuhi. Mzigo mpya unaweza kuwa na tarehe ya karibu kuliko ule uliokuwa umeshapangwa, hivyo anayepanga analazimika kusoma kila boksi, kuweka mbele inayotangulia kuisha na kutenga kabisa iliyokwisha muda, ikiwa na alama, mpaka iteketezwe kwa utaratibu wa mamlaka. Pia kupanga kwa alfabeti, ambako huonekana ndiyo nidhamu yenyewe, kuna mtego wake. Metformini ni dawa ya kisukari, na metronidazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Flagyl, hutibu maambukizi. Kwa alfabeti hukaa jirani, majina yake huanza sawa, na zote mbili huweza kuja katika vidonge vya miligramu 500. Ni jozi inayojulikana katika taaluma hii kwa kuchanganywa. Mgonjwa wa kisukari akipewa ya pili badala ya ya kwanza, sukari yake itapanda siku baada ya siku huku akiamini anatumia dawa yake. Mwanafunzi aliyewahi kuzitenganisha kwa mikono yake, akaambiwa kwa nini moja imehamishiwa rafu nyingine, atasoma jina lote la boksi maisha yake yote.

Friji nayo ni somo kamili. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na ikiganda huharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana kama kawaida. Kwa hiyo haitoshi kuiweka kwenye baridi. Ni lazima isikae karibu na sehemu ya kugandishia, friji isitumike kuhifadhia soda za wafanyakazi, na kipimajoto kisomwe na kuandikwa asubuhi na jioni. Umeme ukikatika kwa saa nne, nani anajua joto lilifika wapi kabla haujarudi? Katika mji kama Tanga au Dar es Salaam, ambako joto la chumba hupita nyuzi 30 bila shida miezi ya Desemba hadi Machi, swali hilo linahusu hata vidonge vilivyo rafuni, maana vingi vimeandikwa visizidi nyuzi 25 au 30. Karatasi ya kumbukumbu ya joto ni kitu cha kawaida sana kujazwa kwa mkupuo, wiki nzima kwa kalamu moja, namba zote zikiwa 5. Mwanafunzi anayeliona jambo hilo likifanyika na kunyamaza amefundishwa somo baya kuliko kutokufundishwa kabisa. Amejifunza kwamba kumbukumbu ni za mkaguzi.

Najua pingamizi linaloweza kutolewa hapa, na lina uzito wake. Mwanafunzi akianzia stoo, wapo wenye maduka watakaomwacha huko mpaka barua yake ya mafunzo iishe. Atafagia, atabeba, ataenda kununua chapati, na atarudi chuoni bila kumhudumia mgonjwa hata mmoja. Hilo hutokea, na ni dhuluma. Ila dawa ya dhuluma hiyo si kumkimbizia kaunta. Stoo huwa darasa pale ambapo kila kazi inaambatana na sababu yake na ina mwisho unaojulikana. Msimamizi aseme wazi tangu siku ya kwanza: utapokea mizigo mpaka uweze kuikataa inayostahili kukataliwa, utajaza leja mpaka hesabu ya rafuni ilingane na ya kitabuni, utasimamia rejista ya dawa zinazodhibitiwa kama diazepamu mpaka usikosee kidonge, kisha utasogea mbele. Chuo nacho kiulize mambo hayo hayo kinapomtembelea, badala ya kutazama muhuri kwenye kitabu cha mahudhurio na kuondoka.

Anapofika kaunta sasa, anakuja akiwa na macho. Cheti cha daktari kikiwekwa mbele yake, hasomi jina la dawa tu. Anatazama jina la mgonjwa, umri, uzito kama ni mtoto, tarehe, dozi, na mwandiko. Mwandiko usiosomeka haukisiwi. Hupigiwa simu aliyeuandika. Dawa mseto ya malaria, ALu, inaonyesha vizuri jinsi hesabu ndogo inavyobeba uhai. Mtu mwenye kilo 35 na kuendelea humeza vidonge 4 kwa kila dozi, dozi 6 kwa siku 3, jumla vidonge 24. Mtoto wa kilo 5 hadi 14 humeza kidonge 1 kwa kila dozi. Dozi ya pili hufuata saa 8 baada ya ya kwanza, zinazobaki humezwa asubuhi na jioni siku ya pili na ya tatu, na dawa hufanya kazi vizuri zaidi ikiambatana na chakula chenye mafuta au maziwa. Mambo yote hayo hayaingii katika alama mbili zilizoandikwa kwa haraka juu ya bahasha. Mgonjwa akiambiwa kutwa mara mbili peke yake, yaelekea atameza ya asubuhi saa nne na ya pili wakati wa kulala, na akipata nafuu siku ya pili atawawekea watoto vilivyobaki. Mtoa dawa anapaswa kuandika saa, kumweleza, kisha kumwomba mgonjwa arudie alichosikia. Kurudia huko huchukua chini ya dakika moja, na ndiko kunakofichua kwamba mama aliyekuwa akiitikia ndiyo, ndiyo, hakuwa ameelewa.

Dawa ya maji ya unga kwa watoto, kama amoksilini, ina hatari ya aina yake. Unga huongezwa maji yaliyochemshwa na kupoa, hadi kwenye alama ya chupa, hutikiswa, na baada ya hapo hutumika kwa siku chache tu, mara nyingi 7. Mzazi asipoambiwa, ataweka maji kwa kukadiria, dozi itakuwa kali au hafifu, na chupa itabaki kabatini ikisubiri homa ijayo. Kijiko cha nyumbani nacho si kipimo. Mililita 5 zilizokusudiwa zinaweza kuwa 3 kwa kijiko cha huyu na 7 kwa cha yule, ndiyo maana kikombe au bomba la kupimia linalokuja na dawa halipaswi kubaki dukani wala kupotea njiani.

Hata hivyo, somo gumu kuliko yote ya kaunta ni kutokuuza. Mteja anaingia akitaka Flagyl kwa ajili ya mtoto anayeharisha tangu jana. Pesa iko mkononi, dawa iko rafuni, na mtoto yuko nyumbani. Mtoa dawa mzuri huuliza mtoto ana umri gani, anaharisha mara ngapi, kuna damu, ana homa, anatapika, bado ananyonya au kunywa, macho yamebonyea? Watoto wengi wanaoharisha hawahitaji antibiotiki. Wanahitaji maji ya ORS na zinki, tiba ambayo WHO na UNICEF waliipendekeza kwa pamoja mwaka 2004: miligramu 20 za zinki kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Penye damu, au mtoto akilegea na kushindwa kunywa, jibu ni kwenda kituo cha afya sasa hivi. Katika hali zote mbili Flagyl haikuuzwa, na mtoto amesaidiwa zaidi. Tukumbuke pia kwamba kila antibiotiki inayotolewa bila sababu huongeza usugu wa vimelea, tatizo ambalo kwa makadirio yaliyochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2022 lilisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na Afrika kusini mwa Sahara ikiwa imeumia kuliko kanda nyingine.

Mwenye duka atajibu kwamba yote haya ni mazuri kwenye karatasi, lakini kodi ya pango haisubiri. Nikimkataza huyu, anavuka barabara na kununua kwa jirani. Nimepoteza mteja na vimelea vimepata usugu vilevile. Siwezi kumdharau anayesema hivyo, kwa sababu ushindani wa maduka ya dawa mijini ni wa kweli na faida ya kidonge ni senti. Lakini hesabu yake imeishia njiani. Duka la dawa haliishi kwa mteja wa Flagyl wa mara moja. Linaishi kwa mzee wa shinikizo la damu na mama wa kisukari wanaorudi kila mwezi kwa miaka mingi, na hao huchagua duka kwa sababu mtu wa pale huwauliza hali na kuwakumbuka. Tena hasara kubwa ya duka mara nyingi haionekani kaunta. Iko stoo, kwenye maboksi yaliyokwisha muda kwa sababu mapya yaliwekwa mbele ya ya zamani, na kwenye insulini iliyoganda. Mwanafunzi aliyeanzia nyuma anaziba mianya hiyo hiyo inayomla mwenye duka. Na kuhusu jirani anayeuza kila kitu, huyo ni wa kushughulikiwa na wakaguzi. Makosa yake hayawezi kuwa leseni ya wengine.

Wapo wanaosema kwamba mwenye miaka 4 ya shahada, akifuatiwa na mwaka wa utarajali, au aliyesoma stashahada kwa miaka 3, hana haja ya kufundishwa kupanga rafu. Chuo kimemfundisha dawa inavyofanya kazi mwilini, na elimu hiyo haina mbadala. Hakijamfundisha namna ya kukatiza maongezi na mteja aliyechoka bila kumkera, wala namna ya kugundua kwamba anayeomba vidonge vya maumivu ana vidonda vya tumbo asivyovitaja mpaka aulizwe. Wengine huamini kompyuta itamaliza kazi. Programu ya mauzo husaidia sana, hukumbusha tarehe na kupunguza makosa ya hesabu, ila inajua kile tu kilichoingizwa. Aliyepokea mzigo bila kusoma namba ya toleo ameingiza uongo kwenye mashine, na mashine itautunza kwa uaminifu.

Yote niliyoyataja yana sharti moja, nalo ni msimamizi kuwepo. Kwa muda mrefu taaluma hii imelalamikiwa kwa tabia ya wafamasia kukodisha vyeti: jina linaning'inia ukutani ndani ya fremu, mwenyewe yuko kazini kwingine, na duka linaendeshwa na ambaye hajasomea. Mwanafunzi akipelekwa kwenye duka la namna hiyo, hana wa kumuuliza, na kila atakachokiona atakichukulia kuwa ndiyo kawaida ya kazi. Ningependa vyuo vifute katika orodha zao kila duka ambalo mwalimu amefika bila taarifa na asimkute mfamasia wala fundi dawa sanifu. Itakuwa orodha fupi mwanzoni. Afadhali wanafunzi wanne kwenye duka moja lenye msimamizi kuliko kila mmoja peke yake na fremu ya ukutani.

Nawe msomaji una nafasi yako. Siku utakapomkuta kijana wa mafunzo kwenye famasi ya mtaani kwenu, akakuuliza una mzio wa dawa gani, una ujauzito, unatumia dawa nyingine, mtoto ana kilo ngapi, usimwambie akupe tu ulichoomba. Mjibu. Akikwambia subiri nimuulize msimamizi, msubiri. Akikupa dawa bila kuandika jina lake, saa za kumeza na siku za kumaliza, mrudishie bahasha umwambie aandike. Na akikukatalia dawa kwa sababu huna cheti, nenda ukapimwe.